Walter Tull: Mwanasoka aliyezomewa kwa rangi yake, kisha akawaongoza Waingereza vitani

WAKENYA wengi huikumbuka klabu ya Tottenham Hotspur kwa sababu ya Victor Wanyama, nahodha wa zamani wa Harambee Stars aliyeichezea kati ya 2016 na 2020. Ni wachache wanaojua kwamba zaidi ya miaka mia moja kabla yake, klabu hiyo ilikuwa na mchezaji mweusi aliyeitwa Walter Tull.

Tull alikuwa mjukuu wa mtumwa. Alilelewa katika makao ya mayatima, akasakata kabumbu katika ligi kuu ya Uingereza, akazomewa uwanjani kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, na hatimaye akawa afisa wa jeshi wakati ambapo kanuni za jeshi hilo hazikutaka mtu wa asili yake apewe cheo hicho.

Aliuawa nchini Ufaransa mnamo Machi 25, 1918, akiwa na umri wa miaka 29. Mwili wake haukupatikana, na kwa miongo mingi jina lake lilisahaulika hata miongoni mwa mashabiki wa klabu alizozitumikia.

Maisha yake ni mafupi, lakini yanaeleza mengi kuhusu soka, jeshi na jamii ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Yanaonyesha pia jinsi mtu anavyoweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na bado akanyimwa haki yake.

Mtoto wa seremala

Walter Daniel John Tull alizaliwa Aprili 28, 1888 katika mji wa Folkestone, jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza.

Babake, Daniel Tull, alikuwa seremala aliyetoka kisiwa cha Barbados katika eneo la Karibi, ambako wazee wake walikuwa watumwa. Alihamia Uingereza katika miaka ya 1870 na kumwoa Alice Palmer, mwanamke Mzungu wa Kent.

Msiba uliiandama familia hiyo mapema. Alice alifariki kutokana na saratani mnamo 1895, Walter akiwa na umri wa miaka saba tu. Daniel alimwoa Clara, binamu ya marehemu mkewe, lakini naye akafariki mwaka wa 1897.

Clara aliachwa na watoto wengi na kipato kidogo. Kwa ushauri wa kanisa la Kimethodisti ambako familia iliabudu, Walter na kakake Edward walipelekwa katika makao ya mayatima ya Wamethodisti huko Bethnal Green, mashariki mwa London, mnamo 1898.

Ndugu hao hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Edward alikuwa na sauti nzuri na aliimba katika kwaya ya makao hayo, iliyozunguka nchini kuchangisha fedha. Kwaya ilipofika Scotland, familia moja ya Glasgow ilivutiwa naye, ikamchukua na kumlea kama mwanawe mnamo 1900.

Edward alisoma akahitimu kuwa daktari wa meno, miongoni mwa watu wa kwanza wenye asili ya Kiafrika kuifanya kazi hiyo nchini Uingereza. Walter alibaki London, akajifunza kazi ya kupiga chapa. Hata hivyo, mapenzi ya ndugu hao hayakufifia, na ni Edward aliyekuja kupokea habari za kifo cha mdogo wake.

Aingia katika soka

Katika makao ya mayatima, Walter aliichezea timu ya wavulana wenzake. Kipaji chake kilionekana, na mnamo 1908 akajiunga na Clapton, mojawapo ya klabu mashuhuri za wachezaji wa ridhaa jijini London wakati huo.

Mchezaji wa ridhaa hakulipwa mshahara. Alifanya kazi yake ya kawaida siku za juma na kushuka dimbani Jumamosi. Katika msimu huo mmoja wa 1908-09, Clapton ilitwaa Kombe la FA la timu za ridhaa pamoja na vikombe viwili vya London.

Magazeti ya michezo yalianza kumtaja Tull kuwa mmoja wa wachezaji waliovumbuliwa msimu huo wenye thamani kubwa. Tottenham, waliokuwa ndio tu wamepanda daraja hadi Divisheni ya Kwanza, hawakukawia. Walimchukua katika ziara yao ya Argentina na Uruguay katikati ya 1909, na waliporejea wakamsajili kuwa mchezaji wa kulipwa.

Alipewa paundi 10 za kutia saini, na mshahara wa paundi 4 kwa wiki. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa, kwani tangu 1901 vinara wa soka ya Uingereza walikuwa wameweka kikomo cha mishahara ambacho hakikuondolewa hadi 1961. Hata nyota aliyevuta maelfu ya watazamaji hakuweza kulipwa zaidi ya hapo kwa njia halali.

Tull alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi Septemba 1909 dhidi ya Sunderland. Siku chache baadaye alishiriki sare ya 2-2 dhidi ya Manchester United mbele ya mashabiki zaidi ya 30,000 katika uwanja wa nyumbani wa White Hart Lane.

Alikuwa mshambulizi wa ndani, yaani yule anayecheza kati ya winga na mshambulizi wa kati. Hakusifiwa kwa mbio. Alisifiwa kwa utulivu, kwa pasi safi, na kwa kuusoma mchezo kabla ya wapinzani wake.

Siku ya Bristol

Oktoba 1909, Tottenham walisafiri hadi Bristol kucheza na Bristol City. Kundi la mashabiki wa nyumbani lilianza kumtupia Tull matusi kuhusu rangi yake, na likaendelea kumzomea katika mchezo huo.

Mwandishi mmoja wa gazeti la michezo aliyekuwa uwanjani alikasirishwa sana. Aliandika kwamba lugha aliyoisikia ilikuwa chafu kuliko ile ya soko la samaki la Billingsgate, London, na kwamba Tull ndiye aliyekuwa mshambulizi bora zaidi siku hiyo. Aliongeza kuwa mwenendo wake ulikuwa kielelezo kwa kila Mzungu achezaye kandanda.

Taarifa hiyo ni muhimu kwa sababu inathibitisha kwamba ubaguzi wa rangi viwanjani si jambo lililozuka katika miaka ya majuzi. Inathibitisha pia kwamba tangu hapo walikuwepo Wazungu waliouona na kuulaani hadharani.

Hata hivyo, sifa za mwandishi huyo hazikumsaidia Tull. Baada ya muda mfupi alishushwa hadi timu ya akiba, ingawa aliendelea kufunga mabao huko. Kwa misimu miwili aliyokuwa Tottenham alicheza mechi 10 pekee za Divisheni ya Kwanza na kutikisa wavu mara mbili.

Klabu haikueleza hadharani kwa nini iliacha kumtumia. Wanahistoria wengi wanaona vigumu kulitenganisha jambo hilo na yaliyotokea Bristol.

Northampton na Herbert Chapman

Oktoba 1911, Tull alihamia Northampton Town, klabu iliyoshiriki Ligi ya Kusini. Meneja wake alikuwa Herbert Chapman, aliyewahi kuichezea Tottenham.

Mashabiki wa Arsenal wanalijua vyema jina hilo. Chapman ndiye aliyekuja kuiongoza Huddersfield Town kutwaa ubingwa mnamo 1924 na 1925, kisha akaifanya Arsenal kuwa klabu yenye nguvu kuliko zote Uingereza katika miaka ya 1930. Mtu mwenye jicho la aina hiyo alikuwa tayari kutoa ada ya uhamisho ili ampate Tull.

Chapman alimrudisha nyuma kidogo, na hatimaye Tull akatulia katika nafasi ya kiungo. Huko alipata alichokikosa Tottenham: kupangwa kila wiki. Aliichezea Northampton zaidi ya mechi 100 na kufunga mabao tisa, akawa kipenzi cha mashabiki wa mji huo uliojulikana kwa viwanda vya viatu.

Angeweza kuendelea hivyo kwa miaka mingi. Lakini Agosti 1914 vita vikuu vya kwanza vya dunia vikazuka.

Batalioni ya wanasoka

Msimu wa 1914-15 uliendelea licha ya vita, na klabu zikalaumiwa vikali. Wakosoaji walisema haifai vijana wenye afya walipwe kukimbiza mpira ilhali wenzao wanafia Ufaransa na Ubelgiji.

Jibu la wanasoka lilikuwa kuundwa, Desemba 1914 jijini London, kwa batalioni ya 17 ya rejimenti ya Middlesex, iliyopata umaarufu kama Batalioni ya Wanasoka. Tull alijiandikisha Desemba 21, siku chache tu baada ya batalioni hiyo kuzinduliwa. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa Northampton kufanya hivyo.

Makamanda waliona haraka kwamba utulivu aliokuwa nao uwanjani ulifaa pia jeshini. Alipandishwa cheo hadi kuwa sajini kabla ya kikosi chake kuvuka bahari kwenda Ufaransa mnamo Novemba 1915.

Maisha ya mahandakini yalikuwa ya matope, panya, baridi na mizinga iliyonguruma usiku na mchana. Mnamo 1916 Tull alirejeshwa Uingereza kwa matibabu, akili yake ikiwa imeathiriwa na mshtuko wa vita. Jambo hilo halikuwa aibu, kwani maelfu ya askari walipatwa nalo, ingawa wakati huo wengi hawakulielewa.

Alipopona alirudi vitani, akashiriki mapigano ya mto Somme, ambayo yalikuwa yamewaua Waingereza zaidi ya 19,000 katika siku ya kwanza pekee, Julai 1, 1916. Mwishoni mwa mwaka huo aliugua homa ya mahandaki, akarudishwa nyumbani tena.

Kanuni yavunjwa

Hapa ndipo penye kiini cha kisa cha Tull.

Kanuni za jeshi la Uingereza zilitaka wanaopewa vyeo vya uafisa wawe watu wa asili halisi ya Ulaya. Mtu mweusi aliweza kuwa askari, hata akawa sajini. Lakini kupewa mamlaka kamili ya kuwaamuru Wazungu lilikuwa jambo lisilokubalika. Wakubwa wa jeshi waliamini kwamba askari Mzungu hangemtii mtu mweusi.

Fikra hiyo haikuishia Ulaya. Huku Afrika Mashariki, katika vita hivyo hivyo, askari Waafrika wa kikosi cha King's African Rifles walipigana chini ya maafisa Wazungu, nao Waafrika wengi mno wakafa wakibeba mizigo ya jeshi. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Hata hivyo, kufikia 1917 maafisa vijana walikuwa wamekufa kwa wingi, na jeshi lilihitaji watu wenye uzoefu kujaza pengo hilo. Wakuu wa Tull walimpendekeza. Alipelekwa katika chuo cha mafunzo ya maafisa huko Gailes, Scotland, na Mei 30, 1917 akafanywa luteni wa pili.

Kanuni yenyewe haikufutwa. Ilipuuzwa tu, kwa sababu vita vilikuwa vimekula watu, na kwa sababu waliomjua Tull hawakuona mantiki ya kumnyima cheo.

Katika vitabu na makala nyingi Tull hutajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa afisa katika jeshi la Uingereza. Utafiti wa miaka ya hivi karibuni umeonyesha kwamba si hivyo. George Bemand, aliyezaliwa Jamaica, alipewa cheo cha luteni wa pili katika kikosi cha mizinga mnamo 1915. Vivyo hivyo katika soka, Tull hakuwa mweusi wa kwanza kulipwa. Arthur Wharton, mlinda lango aliyezaliwa Accra mnamo 1865, alimtangulia kwa miaka 20 na ushei.

Marekebisho hayo hayampunguzii Tull chochote. Yanatukumbusha tu kwamba watu wa aina yake walikuwa wengi kuliko historia ilivyokuwa ikikubali.

Mto Piave

Luteni Tull alipelekwa katika batalioni ya 23 ya Middlesex, ambayo nayo iliundwa na wanasoka. Alipigana Ubelgiji katika mapambano ya Messines na Passchendaele, kisha mwishoni mwa 1917 kikosi chake kikahamishiwa Italia.

Huko, usiku wa baridi kali karibu na mwanzo wa 1918, aliongoza watu 26 kuvuka mto Piave na kuwashambulia maadui ghafla upande wa pili. Maji yalikuwa ya barafu na mkondo ulikwenda kasi. Walitimiza kazi waliyotumwa, na Tull akawarudisha wote 26 wakiwa salama.

Kamanda wa divisheni yake, Meja Jenerali Sydney Lawford, alimsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu wake. Hao aliowaongoza walikuwa askari Wazungu. Walimfuata gizani ndani ya maji, na dai kwamba hawangemtii likakosa msingi.

Kifo Ufaransa

Machi 1918 kikosi kilirudishwa Ufaransa. Machi 21 Wajerumani walianzisha mashambulizi makubwa wakitumaini kushinda vita kabla ya majeshi ya Marekani kuwasili kwa wingi. Waingereza walilazimika kurudi nyuma.

Siku nne baadaye, karibu na kijiji cha Favreuil, Tull alipigwa risasi akiwa na askari wake. Mmoja wao, Tom Billingham, aliyewahi kuwa mlinda lango wa Leicester Fosse, alijaribu kumburura kutoka pale chini ya mvua ya risasi. Ilibidi amwache, kwani Wajerumani walikuwa wamewakaribia mno.

Jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu wa Arras, pamoja na majina ya takriban wanajeshi 35,000 wasio na kaburi linalojulikana.

Mwezi uliofuata, afisa mwenzake alimwandikia Edward barua ya rambirambi. Alieleza jinsi Tull alivyopendwa katika batalioni nzima, na kwamba kamanda wao alikuwa amependekeza atunukiwe Nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Nishani isiyofika

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Pete ya Tull haikufika.

Hakuna hati ya pendekezo hilo iliyopatikana katika nyaraka za serikali. Wanaomtetea husema kumtunuku kungekuwa kukiri rasmi kwamba kanuni ya asili halisi ya Ulaya ilikuwa imevunjwa. Wengine husema mapendekezo mengi ya wakati huo hayakukubaliwa, na hati nyingi zilipotea.

Kampeni ya kutaka apewe nishani hiyo ilishika kasi katika karne hii. Mnamo 2018, miaka 100 tangu afariki, zaidi ya wabunge 100 wa Uingereza wakiongozwa na David Lammy wa eneo la Tottenham waliiandikia serikali wakitaka apewe heshima hiyo. Msimamo wa Wizara ya Ulinzi umekuwa kwamba nishani hazitolewi kwa matukio ya zamani namna hiyo.

Heshima nyingine zimekuja, ingawa kwa kuchelewa. Northampton Town ilizindua bustani na ukuta wa kumbukumbu yake karibu na uwanja wa Sixfields mnamo 1999, na barabara iliyo hapo ikaitwa kwa jina lake. Mwandishi Phil Vasili, aliyetumia miaka mingi kutafiti habari za wanasoka weusi wa Uingereza, aliandika kitabu kuhusu maisha yake. Mnamo 2021, Tull aliingizwa katika jumba la wanasoka mashuhuri wa Uingereza.

Kwa hesabu ya mabao na vikombe, Tull hafikii magwiji wa enzi yake. Mechi 10 za ligi kuu na mabao mawili ni takwimu ndogo, na msomaji anayetazama jedwali peke yake angempita bila kumtambua.

Lakini takwimu hizo hazisemi ni mechi ngapi angecheza iwapo hangezomewa Bristol. Wala hazisemi kwamba kijana aliyeondolewa katika kikosi cha kwanza cha Tottenham kabla ya kutimiza miaka 24, ndiye ambaye jeshi lilimkabidhi maisha ya Waingereza 26 katika usiku mmoja wa baridi nchini Italia, akawarejesha wote.